Vitamini D imeshuka: matone ya kila siku, kapsuli ya wiki au sindano? Tulinganishe

Ngarawa
Habari zenu wakuu. Majibu yangu ya damu yametoka, vitamini D ni 11 ng/mL. Miguu inaniuma kwa ndani, kwenye mfupa wenyewe, na kupanda ngazi kumekuwa kazi. Figo ziko sawa, kalsiamu ya damu iko sawa, na situmii dawa nyingine yoyote. Daktari amenieleza njia tatu, akaniambia nizitafakari kabla sijarudi kwake:

1. Matone au kidonge cha D3 (aina mojawapo ya vitamini D) kila siku, 6,000 IU (vipimo vya kimataifa vya dozi), kwa wiki nane.
2. Kapsuli ya 50,000 IU mara moja kwa wiki, wiki nane vilevile.
3. Sindano moja ya 300,000 IU, biashara imeisha.

Moyo wangu umeegemea sindano. Kazi yangu ni ya zamu, leo usiku kesho mchana, na dawa ya kila siku inahitaji mtu mwenye ratiba. Pia naona sindano itapandisha haraka. Mliopita njia hizi nifungueni macho: ipi inafanya kazi upesi, ipi ina hatari, na ipi mtu anaweza kudumu nayo?

Zamu_ya_Dawa
Pole sana ndugu Ngarawa. Mimi ni mfamasia, nianze na hiyo namba kwa sababu inachanganya wengi. Maabara nyingine huandika ng/mL, nyingine nmol/L, na ya pili ni ya kwanza ukizidisha kwa 2.5. Kwa hiyo 11 yako ni sawa na 27.5 kwa kipimo kingine. Ukiona mtu anajisifu ana 40, muulize kwanza ni 40 ya kipimo kipi, maana ya ng/mL inatosha kabisa na ya nmol/L ni ndogo. Taasisi ya Tiba ya Marekani mwaka 2011 ilisema chini ya 12 ng/mL mtu yuko kwenye hatari ya upungufu, na 20 inawatosha karibu watu wote. Wewe uko chini ya mstari na mifupa inauma. Hilo linahitaji tiba, halingojei.

Sasa njia zenyewe. Ya 1 na ya 2 zote mbili zimo kwenye mwongozo wa mwaka 2011 wa Endocrine Society, chama cha wataalamu wa homoni. Piga hesabu: 6,000 kwa siku 56 ni 336,000, na 50,000 mara nane ni 400,000. Hazijapishana sana. Dozi ya wiki inawezekana kwa sababu ini hugeuza vitamini hii kuwa umbo linalokaa kwenye damu muda mrefu. Baada ya wiki mbili hadi tatu ndipo hupungua kufikia nusu. Umbo hilo ndilo lililopimwa kwako.

Sindano ndiyo inayoeleweka vibaya. Watu huona sindano wakadhani ni haraka. Vitamini D ni ya mafuta, ikichomwa kwenye msuli hukaa pale na kuachiliwa kidogo kidogo, na kiwango cha damu huendelea kupanda kwa wiki nyingi. Ya kumeza hutangulia. Kama unachotafuta ni upesi, basi sindano siyo.

Mtunza_Bibi
Naunga mkono, na naongeza la dozi za mkupuo. Namlea bibi yangu, na kwa ajili yake nimesoma sana habari hizi. Mwaka 2010 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa Australia uliohusu wanawake 2,256 wenye miaka 70 na zaidi. Waliopewa 500,000 IU kwa mara moja kila mwaka walianguka zaidi na kuvunjika zaidi kuliko waliopewa kidonge kisicho na dawa, na kuanguka kulizidi hasa katika miezi mitatu ya kwanza baada ya dozi. Dawa iliyotolewa ili ikinge mifupa!

Najua 300,000 siyo 500,000, na Ngarawa sidhani kama ni mzee. Lakini mwili uliozoea kupata vitamini hii kwa kiasi cha siku kwa siku, sioni sababu ya kuumwagia ya mwaka mzima asubuhi moja wakati njia ya taratibu ipo. Kwa bibi tulichagua ya kila siku, dozi ndogo, inakwenda pamoja na dawa yake ya presha kwa hiyo haisahauliki.

Tumbo_Korofi
Ndugu zangu, msiizike sindano. Mimi utumbo wangu haunyonyi mafuta vizuri kwa sababu ya maradhi ya matumbo, na vitamini D hupitia njia ileile ya mafuta. Nilimeza kapsuli kwa uaminifu wote na kipimo hakikusogea. Waliopasuliwa tumbo ili kupunguza uzito, wenye seliaki (utumbo unaodhurika kwa gluteni ya ngano), wenye maradhi ya kongosho, wote hawa njia ya mdomo inaweza kuwaangusha, na kwao sindano ni msaada wa kweli. Kuna pia kalsifedioli, ambayo ni vitamini D iliyokwisha kupita hatua ya ini. Hufyonzwa vizuri zaidi na hupandisha kiwango upesi. Mimi daktari ndiko alikonipeleka.

Ngarawa, kama huna tatizo la kuharisha choo chenye mafuta wala kukonda bila sababu, utumbo wako pengine ni mzima na maelezo ya mfamasia yanakuhusu. Lakini ukimaliza dozi kikamilifu na namba ikabaki palepale, usiongeze vidonge kwa kujiamulia. Rudi uulize kuhusu utumbo.

Kivuli_Kifupi
Mbona hakuna aliyetaja jua? Ni bure, na ngozi haiwezi kukuzidishia: ikishatengeneza ya kutosha, mwanga uleule huivunja ziada. Hakuna kidonge chenye breki ya namna hiyo.

Kanuni ninayoifuata ni ya kivuli. Kivuli chako kikiwa kifupi kuliko urefu wako, mionzi ya UVB, ile ya jua inayoifanya ngozi itengeneze vitamini D, inafika ya kutosha. Kikiwa kirefu, yaani asubuhi sana au jioni, unapata joto tu na vitamini karibu hakuna. Mikono na miguu iwe wazi, na uondoke kabla ngozi haijaanza kuungua.

Zamu_ya_Dawa
Kivuli_Kifupi, kanuni yako ni nzuri na ya breki ni kweli kabisa. Ila tutenganishe kazi mbili: kujaza pipa lililokauka, na kulitunza lisikauke tena. Jua linaweza kazi ya pili. Kwa mwenye 11 na maumivu, siwezi kumwambia alitegemee kwa kazi ya kwanza, kwa sababu kiasi utakachopata hakipimiki. Ngozi yenye melanini nyingi, yaani nyeusi zaidi, inahitaji muda mrefu zaidi kwa vitamini ileile. Mzee hutengeneza kidogo kuliko kijana. Kioo cha dirisha huzuia UVB, kwa hiyo kukaa ofisini jua likikupiga kupitia dirishani hakuhesabiki. Anayeishi mbali na ikweta ana miezi ya baridi ambayo UVB haifiki kabisa, ndiyo maana Uingereza inawashauri watu wake wafikirie kumeza mikrogramu 10, yaani 400 IU, kila siku majira ya vuli na baridi. Na mtu wa zamu kama Ngarawa hulala mchana.

Hesabu_Kwanza
Naomba niseme jambo ambalo huwa linaachwa kwenye mijadala hii, maana naona watu wanameza vitamini D kwa kila kitu. Utafiti mkubwa wa Marekani uitwao VITAL uliwafuatilia watu wazima 25,871 waliokuwa wakipewa 2,000 IU kila siku au kidonge kitupu. Haukuona upungufu wa saratani mpya wala maradhi makubwa ya moyo, na matokeo ya mwaka 2022 hayakuonyesha kuvunjika mifupa kukipungua. Wengi wao hawakuwa na upungufu toka mwanzo, na hapo ndipo penye funzo: anayepungukiwa hufaidika kwa kujazwa, aliyejaa haongezewi kitu. Mwongozo mpya wa Endocrine Society wa 2024 hata haupendekezi watu wazima wenye afya kupimwa kila mara.

Ngarawa, wewe uko kwenye kundi la kujazwa. Maumivu ya mifupa na udhaifu wa misuli ya mapaja huwa vinahusiana na upungufu mkali, na huchukua wiki hadi miezi kutulia. Uchovu wa zamu za usiku ni habari nyingine, usije ukaidai dawa ufumbuzi wa usingizi.

MamaPacha
Mimi naongelea matone tu, kwa sababu yamenipitia mikononi. Soma ni IU ngapi kwa tone moja na ni ngapi kwa mililita. Chupa mbili zinaweza kufanana umbo, moja ikawa 400 kwa tone na nyingine 400 kwa mililita nzima. Mwaka 2010 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa tahadhari kwa sababu baadhi ya vitoneshi vilikuwa vinabeba zaidi ya 400 IU, ambazo ndizo za mtoto mchanga kwa siku. Ukitumia kitoneshi cha chupa nyingine umeshaharibu kipimo. Na chupa ya mtu mzima iwekwe mbali na ya mtoto kabisa, hata kama zote ni "vitamini tu".

Ngarawa
Ahsanteni sana wakuu, sindano nimeiacha. Nimebaki na ya wiki, maana siku moja naweza kuipanga hata zamu zikibadilika. Maswali yaliyobaki: dukani kuna D2 na D3, nichukue ipi? Ninywe na chakula au tumbo tupu? Na kuna rafiki amenishikia bango nichanganye na vitamini K2 na magnesiamu.

Zamu_ya_Dawa
D3, ukiipata. Zote mbili hutibu, lakini D3 hupandisha kiwango zaidi na kukishikilia, na tofauti huonekana hasa kwenye dozi zisizo za kila siku kama yako. D2 hutoka kwa kuvu na hamira. D3 nyingi hutoka kwenye mafuta ya sufu ya kondoo, na ipo ya likeni kwa wasiotumia vitu vya wanyama.

Meza pamoja na mlo mkubwa wa siku wenye mafuta. Tumbo tupu hupunguza ufyonzaji.

K2 sijaona ushahidi wa kutosha wa kunifanya nikuuzie. Magnesiamu mwili huihitaji ili kuishughulikia vitamini D, ila mtu anayekula vizuri kwa kawaida anayo. Anza na kitu kimoja, ukijisikia vizuri au vibaya ujue kimetokana na nini.

Mengine ya muhimu kuliko hayo: angalia kama multivitamini uliyonayo nyumbani ina D na uihesabu. Chagua iliyokaguliwa ubora na chombo huru kama ipo. Utafiti wa mwaka 2013 wa vidonge vya dukani ulikuta vingine vina asilimia 9 tu ya kilichoandikwa na vingine 146. Wiki nane zikiisha, simamisha ile 50,000. Usiendelee nayo kwa sababu imekupendeza. Baada yake ni dozi ya kutunza, mwongozo ule wa 2011 ulitaja 1,500 hadi 2,000 IU kwa siku, na kikomo cha juu cha mtu mzima asiye chini ya daktari ni 4,000. Pima tena kama miezi mitatu tangu kuanza, mapema zaidi namba inakuwa bado haijatulia. Kama unameza biotini ya nywele na kucha, iambie maabara, kwa sababu huvuruga baadhi ya vipimo vya vitamini D.

Kiu isiyoisha, kukojoa mno, kutapika, choo kigumu, kuchanganyikiwa: hizo ni dalili za kalsiamu kupanda kwenye damu. Acha dawa, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Ngarawa
Nimeelewa, nimeandika yote. Nitamwonyesha daktari ile ya wiki kwa D3, na nitauliza dozi ya kutunza tangu sasa.

Pwani_Tulivu
Samahani kwa kuingilia uzi wa mwenzangu. Mimi natumia fenitoini ya kifafa miaka mingi, na vitamini D yangu hushuka kila ninapoacha vidonge. Je, mimi inanifaa ya wiki au ya siku?

Zamu_ya_Dawa
Karibu, hujaingilia. Fenitoini huchochea ini livunje vitamini D kwa kasi, na karbamazepini na rifampisini nazo ziko hivyo. Kwa watu kama ninyi dozi ya kutunza huwa mara mbili hadi tatu ya wengine, tena ya kudumu kwa muda wote wa dawa, kwa hiyo kiwango chako hupangwa na daktari wako kwa kipimo, si kwa mfano wa Ngarawa. Siku au wiki ni sawa kwako, mradi haikatiki. Fenitoini usiipunguze hata kidogo kwa ajili ya jambo hili. Daktari anayekutibu kifafa anajua kwamba namba yako hushuka?

Pwani_Tulivu
Hajui, alipima daktari mwingine. Nitampelekea majibu yote kliniki ijayo.