Nimeachana na mume, naruhusiwa kuwa mzee wa kanisa?

MamaKisauni:
Bwana asifiwe wapendwa. Naomba ushauri manake tangu Jumapili roho haijatulia. Naishi Kisauni na watoto wangu, kanisani mimi ndio mweka hazina wa kina mama. Mume wangu tulifunga ndoa ya kanisa, 2016 akahamia kwa mwanamke mwengine Likoni wakazaa huko. Pasta alimwendea, wazee wakamwendea, mpaka shangazi yake, kasema harudi. Nikangoja weee, mwisho nikaenda kortini nikapata talaka, sijaolewa tena na sina mtu. Sasa kina mama wamependekeza niwe mzee wa kanisa, majina yakabandikwa mlangoni kwa ofisi ya pasta, natoka ibadani nakuta langu limekatwa na biro nyekundu kando pameandikwa 1 Tim 3. Hakuna hata mmoja aliyeniita kunambia kitu. Mzee nilomuuliza akanijibu eti ndoa yangu imenishinda ntawashauri nini watu. Niliumia sana. Cheo sikukitafuta, ila nataka kujua ni neno la Mungu linanikataa ama ni watu?

Mtumishi_Changamwe:
Pole sana dadangu. Mimi ntakwambia navyoamini. 1 Timotheo 3 na Tito 1 zinataka mzee awe mtu asiyelaumika, na 1 Timotheo 3 mstari wa 5 unauliza asiyejua kuisimamia nyumba yake atalitunzaje Kanisa la Mungu. Malaki 2:16 Mungu anasema anachukia kuachana. Vijana wetu sai wanaachana ovyo, wakiona kwa wazee pia iko watasema ni sawa. Hazina endelea nayo, uzee uwache. Lakini huyo wa biro amekosa, Mathayo 18:15 inasema ukiwa na neno na mwenzio mwendee nyinyi wawili peke yenu.

BintiTudor:
Mtumishi nakuheshimu lakini hapa sikubaliani na wewe. Malaki ukisoma kuanzia 14 pale anakemewa mume aliyemfanyia hiana mke wa ujana wake, sasa huyu mama ndio aliyefanyiwa hiana halafu mzigo abebe yeye? Na Yesu mwenyewe Mathayo 19:9 ametoa sababu ya uasherati. Halafu hiyo 1 Tim 3 si ndoa tu, imesema pia asiwe mgomvi, asiwe mlevi, asiwe mpenda fedha, hayo mbona hatuoni majina yakikatwa? Pesa za kanisa mnamuachia azishike lakini kuombea wagonjwa kama mzee hafai, mimi inanichoma kweli.

BabaMikindani:
Mamangu pole. Mimi ni shemasi na nimepitia talaka, tena kosa lilikuwa langu. Nilisimamishwa, nikawekwa chini ya mzee mmoja nikawa naenda kwake kila wiki tunaomba na ananiuliza maswali magumu, watoto wangu pia waliitwa wakasikizwa. Baadaye sana ndio nikarudishwa mbele ya ushirika wote. Kwa hivyo mimi naona wangekaa na wewe waulize nani alivunja, ulijaribu kusuluhisha, sai unaishi vipi, watoto unawalea vipi. Hayo yote unayo majibu. Kukata jina si kuuliza.

Mkatoliki_Bamburi:
Kwetu mambo ni tofauti kidogo. Talaka ya korti kwetu haivunji ndoa, lakini mtu aliyeachwa anaishi peke yake vizuri anapokea komunyo kama kawaida. Akitaka kuoa ama kuolewa tena ndio lazima mahakama ya kanisa ichunguze kama ile ndoa ilikuwa halali tangu mwanzo, Papa Francis alirahisisha hiyo kesi 2015. Wewe dada hujaolewa tena, usikubali wakuweke kwa fungu ambalo si lako.

Sheria_Buxton:
Naongezea. Sheria ya Ndoa ya Kenya ya 2014 inakubali ndoa ya Kikristo ivunjwe kwa uzinzi, ukatili, ama kutelekezwa miaka mitatu au zaidi, kwa hivyo mtu asikwambie ulikimbilia korti bila sababu. Lakini korti haiwezi kukupa uzee, hiyo ni katiba ya kanisa lenu. Iombe usome kifungu cha wazee. Kama talaka haijatajwa, aliyekukata hana mamlaka hata kama ni mzee miaka mingi. Kama imetajwa, omba wakujibu kwa barua wala si kwa biro mlangoni.

MamaKisauni:
Mungu awabariki sana. Mtumishi hata wewe nimekusikia, sijakasirika. Nimempigia katibu kasema katiba iko na Jumamosi kabla ya mazoezi ya kwaya atanipa nisome pale pale ofisini, na pasta amekubali tukae na wazee wote. Swali moja limebaki, huko ndani niende peke yangu ama nimchukue mwenyekiti wa kina mama?

BabaMikindani:
Mchukue. Na ile karatasi ya korti ibebe.