Spika za mzee kwenye banda la gari

Kikundi: WANA ISEVYA 🏠

IJUMAA JIONI

Baba: Habari za jioni wanandugu. Lile banda la gari nimelimaliza kuligeuza. Vaisi imekaa, benchi limekaa, pikipiki tatu zinaingia bila kugusana. Umebaki mziki tu.

Baba: (picha)

Ba'mdogo Kigoma: Hongera kaka! Hapo shusha sabufa za inchi 15, mbili, Isevya nzima ijue fundi kahamia nyumbani 🔥

Mama: Isevya nzima inajua, tangu aanze kugonga nyundo saa kumi na mbili asubuhi.

Shangazi Ipuli: Wifi 😂😂

Baba: Nina ile redio iliyotoka kwenye Corolla tuliyouza. Imeandikwa wati 50 mara 4. Wati 200 hizo, bandani zinatosha.

Bam'kubwa Mwanza: Igeuze nyuma uniambie fyuzi ni ya ampia ngapi.

Baba: 10.

Bam'kubwa Mwanza: Volti 12 mara ampia 10 ni wati 120. Hapo ndipo mwisho wa kinachoingia. Sasa wati 200 za kutoka utazitoa wapi? Umeona wapi mtu anapeleka debe moja la mahindi mashineni anarudi na madebe mawili ya unga?

Ba'mdogo Kigoma: Ila kaka, si wameandika wenyewe 😅

Bam'kubwa Mwanza: Wameandika ili uinunue. Kila spika itapata wati 15, ikizidi sana 20. Kwa banda la gari moja hizo ni nyingi mpaka utaomba poo.

Bam'kubwa Mwanza: Na umeme wa volti 12?

Baba: Nilifikiria betri ya pikipiki.

Bam'kubwa Mwanza: Itakufa kabla ya chakula cha mchana. Tafuta pawa saplai ya kompyuta ya mezani, mafundi kompyuta wanazo zimelala tu. Waya wa njano ni volti 12, mweusi ni hasi. Ule wa kijani uunganishe na mweusi, bila hivyo haiwaki. Kopo lake usilifungue hata ukiona umechomoa ukutani, ndani kuna kapasita zinakaa na umeme. Kwenye redio, njano na nyekundu zote mbili ziende kwenye njano ya saplai. Ukiiacha nyekundu inaning'inia utasema redio mbovu.

Mimi: Shikamooni wote. Bibi anataka kuongea, natuma sauti yake.

Mimi: (ujumbe wa sauti, sekunde 52)

Mimi: Kwa walio kazini: Bibi anasema Baba asinunue spika. Za marehemu babu zipo stoo, chini ya magunia ya karanga. Anasema babu alizinunua kwa hela ya asali, na zilipokuwa zinapiga Tabora Jazz na Kiko Kids majirani walikuwa wanakuja na viti vyao. Anasema zikitupwa, naye atupwe.

Shangazi Ipuli: Mama jamani 😂 Marahaba Neema. Nazikumbuka, zina nyavu ya kahawia mbele. Tulikuwa tunakatazwa hata kuipitishia kidole.

Ba'mdogo Kigoma: Mimi nilipitisha. Nilichapwa.

Bam'kubwa Mwanza: Neema, nenda na tochi. Angalia nyuma zimeandikwa omu ngapi, yaani ukinzani wake.

Mimi: 8. Zote mbili. Moja ina kiota cha panya ndani, kimejengwa na kipande cha kanga ya Bibi.

Bam'kubwa Mwanza: 8 ni salama, redio hiyo inavumilia kushuka mpaka 4. Sasa toa nyavu. Koni ikoje?

Mimi: Koni nzima. Ila ile duara ya sponji inayoizunguka nimeigusa tu, imeanguka kama majivu ya sigara.

Bam'kubwa Mwanza: Hiyo ni umri, hazikwepi. Weka vidole viwili, kimoja huku kimoja kule, uisukume koni taratibu iingie. Usitumie kimoja, itapinda. Sikiliza kama inakwaruza.

Mimi: Haikwaruzi. Inatoa kama pumzi tu.

Bam'kubwa Mwanza: Koili iko hai. Hapo mtu anabandika sponji mpya kwa gundi, basi. Mafundi spika mjini hapo wanafanya. Msikubali kuambiwa "hii imekufa nunua mpya" kabla hajaisukuma mbele yenu.

JUMAMOSI, WIKI ILIYOFUATA

Mjomba Urambo: Mwangaluka wote!

Shangazi Ipuli: Mwangaluka kaka.

Mjomba Urambo: Shemeji, rafu mbili nimekutumia na basi la asubuhi, zimefungwa kwenye gunia. Mninga huo, vipande vilivyobaki kwenye kitanda cha mteja.

Baba: Asante sana shemeji. Mninga kwa ajili ya spika! Nitaona aibu kuzitoboa.

Mjomba Urambo: Toboa. Kuna michembe humo pia, ni ya Bibi, msifanye yenu. Huku mvua inatuzungusha, jana wingu limekuja mpaka juu ya mlango likarudi.

Mama: Mimi nawaambia mapema. Saa tisa nina kikoba kule Cheyo, na wiki hii wamepitisha kwamba kuchelewa ni faini elfu mbili. Baada ya saa nane mtu asiniletee habari za waya.

Baba: Sawa mama.

Baba: Jamani, spika zimerudi na sponji mpya. Nimefunga. Redio imewaka.

Ba'mdogo Kigoma: Rekodi tusikie!!

Baba: (video)

Ba'mdogo Kigoma: Mbona ni taarifa ya habari kaka 😭

Baba: Ndiyo shida yenyewe. Taarifa ya habari inasoma vizuri kabisa. Mziki ukiingia sauti inakwaruza, nikipandisha kidogo redio inajizima. Nimeigusa mgongoni, inachoma kama pasi.

Shangazi Ipuli: Sponji mpya hiyo, haijazoea.

Ba'mdogo Kigoma: Redio imechoka, nunua mpya.

Mama: 🙄

Bam'kubwa Mwanza: Nyamazeni kwanza. Umetumia nyaya ngapi kutoka kwenye redio mpaka kwenye spika?

Baba: Tatu.

Bam'kubwa Mwanza: Spika mbili, nyaya tatu?

Baba: Chanya ya kushoto, chanya ya kulia, hasi moja ya wote. Hasi si hasi tu? Kwenye pikipiki hasi zote zinakwenda kwenye bodi na taa zinawaka.

Bam'kubwa Mwanza: Ndiyo hapo. Kwenye redio ya gari hasi ya spika si bodi. Kila spika ina amplifaya mbili zinaishika, moja inasukuma huku nyingine inavuta kule. Waya mweupe una mwenzake mweupe wenye mstari mweusi, huo ndio mume na mke. Kijivu kina mwenzake kijivu chenye mstari mweusi. Wewe umewachukua wake wawili ukawaweka chumba kimoja.

Shangazi Ipuli: Kaka mifano yako 🙈 kuna watoto humu

Mimi: Bam'kubwa, sasa mbona taarifa ya habari ilikuwa inapita?

Bam'kubwa Mwanza: Swali zuri kuliko yote ya leo. Msomaji ni mmoja, sauti yake inatoka kushoto na kulia sawasawa. Hizo hasi mbili zinafanya kitu kilekile kwa wakati uleule, hazigombani. Mziki ukija, gitaa liko upande huu, ngoma upande ule, kila hasi inataka lake na umeziunga kwa waya mmoja. Zinavutana, moto unapanda, redio inajizima kujiokoa. Shukuru inajua kujiokoa.

Baba: Basi ningeichoma kwa ajili ya mita nne za waya.

Bam'kubwa Mwanza: Ungeichoma.

Baba: Neema, leta ule waya wa kengele uko kwenye droo ya pili.

Mjomba Urambo: Basi limefika?

Baba: Limefika shemeji. Rafu nimezipokea, zinang'aa. Bibi ameshika michembe yake, hata mmoja hajamgawia mtu.

Baba: Nyaya nne sasa. Haijizimi tena. Redio imepoa. Ila kaka sijui nisemeje, mziki upo lakini ni mwembamba. Besi hakuna. Mwimbaji namsikia ila sijui amesimama wapi, kama yuko nje dirishani.

Bam'kubwa Mwanza: Waya wa kengele una rangi mbili au moja?

Baba: Moja. Mweupe na mweupe.

Bam'kubwa Mwanza: Umegeuza spika moja. Koni ya kushoto ikienda mbele, ya kulia inarudi nyuma. Moja inasukuma hewa, nyingine inaifyonza, besi inafia hapo katikati. Haiharibu kitu, ila utakaa mwaka mzima unalaumu spika za mzee.

Baba: Nijuaje ipi? Alama za nyuma zimefutika, panya wamemaliza hadi lebo.

Bam'kubwa Mwanza: Tafuta betri ndogo ya volti 1.5, kama ya rimoti. Nyaya za spika zitoe kwenye redio kwanza, ZITOE, usije ukaipa redio betri. Shika zile ncha mbili, gusisha kwenye betri sekunde moja tu. Neema aangalie koni. Ikiruka mbele, waya uliogusa chanya ya betri ndio chanya ya spika, ufunge fundo. Ikiingia ndani, ni kinyume.

Mimi: Nimeangalia. Imesema "tu" halafu ikatoka mbele kama nusu ya unene wa njiti ya kiberiti. Ya pili imeingia ndani!

Bam'kubwa Mwanza: Mnaona. Ziwe zote mbele, kisha chanya ziende mweupe na kijivu visivyo na mstari.

Baba: (video)

Ba'mdogo Kigoma: AISEEE

Shangazi Ipuli: Hiyo ndiyo sauti! Hiyo ndiyo ilikuwa inatoka sebuleni 😭

Mimi: Bibi amekuja mpaka mlangoni na kiti chake. Hajasema kitu. Anakula michembe.

Bam'kubwa Mwanza: Besi ilikuwemo siku zote, ilikuwa inajila yenyewe.

Ba'mdogo Kigoma: Sasa kaka zitundike pembeni juu kabisa kwenye kona, besi ijae.

Bam'kubwa Mwanza: Usimsikilize. Kona inaongeza besi kweli, ila ni ile ya kuvuma tu, na chini ya bati itakuwa kama mtu anaongea ndani ya pipa. Tena ukuta wa kushoto upande wa pili kuna nini?

Mama: Mapacha wa jirani. Miezi minne. Mama yao jana kaniuliza kwa upole sana kama "baba ana shughuli nyingi wiki hii". Mnajua upole wa namna hiyo.

Bam'kubwa Mwanza: Basi ukuta huo usiguswe na spika. Rafu za mninga zikae upande wa kwetu, kimo cha kichwa chako ukiwa umekaa kwenye kigoda, zikuinamie. Spika ikiwa mita moja na nusu kutoka sikioni sauti ndogo inakutosha. Ukiipeleka mita sita utaongeza, na ziada yote inakwenda kwa mapacha. Chini ya kila spika kata kipande cha tyubu ya pikipiki, ili mtikisiko usiingie kwenye ukuta.

Baba: Tyubu ndicho kitu pekee ambacho sikosi.

Shangazi Ipuli: Na mwangwi wa bati? Tundikeni magunia yale ya karanga kwenye kuta, yanameza sauti. Nimeona ukumbini kwetu walifanya.

Bam'kubwa Mwanza: Yanameza kweli dada, lakini huyu ana grainda inarusha cheche na petroli kwenye chupa ya maji. Magunia hapana.

Mama: Petroli kwenye chupa ya maji?

Baba: Tutaongea.

Bam'kubwa Mwanza: Na grainda ikilia zima mziki. Usishindane nayo. Kelele za desibeli 85 mtu anahesabiwa kuzivumilia saa 8 kwa siku, kila zikiongezeka 3 muda unakatika nusu. Grainda inafika 100, hapo ni dakika 15 tu. Ukipandisha redio juu yake unajiongezea deni. Vaa vizibo.

Baba: Grainda nimekuelewa. Ila pikipiki hukuhitaji kunifundisha kaka, natengeneza kwa sikio. Nikisikiliza tapeti za injini nazima mwenyewe, hata mziki uwe mtamu vipi. Mteja akiona nimezima redio anajua kazi imeanza.

Ba'mdogo Kigoma: Kanda za mzee je? Redio hiyo inasoma flashi tu.

Mimi: Nitazihamisha mimi likizo. Kaseti zipo 31, nyingine babu ameandika mwenyewe kwa kalamu nyekundu. Moja, ya bendi ya Nyanyembe Jazz, imeandikwa "Nyanyembe, usikope".

Shangazi Ipuli: Ilikuwa inakopwa kila wiki hiyo 😂

Baba: Nafunga rafu sasa. Bibi anauliza chakula.

Mama: Chakula kiko jikoni. Kwenye saa ya sebuleni bado ni saa sita na dakika kumi, acheni nikunje nguo kwanza, muda upo.

Mimi: Sawa mama.

Ba'mdogo Kigoma: Kaka tuma video ya rafu.

Baba: (video)

Mjomba Urambo: Mninga umekaa!

Bam'kubwa Mwanza: Safi. Punguza kidogo hapo kwenye besi, spika hizo ni wazee wenzetu.

Mama: Nimefika Cheyo.

Shangazi Ipuli: Kikoba kinaendeleaje wifi?

Mama: Kimekwisha. Nimewakuta wanakunja mkeka. Saa kumi na moja kasoro.

Mama: Faini nimelipa. Elfu mbili.

Mama: Nani ametoa betri kwenye saa ya sebuleni?

Ba'mdogo Kigoma: 🫣

Mimi: Mimi niliangalia koni tu.

Baba: (ujumbe huu umefutwa)

Shangazi Ipuli: Tumeshausoma kaka.