Naomba ushauri: vikao na wasimamizi wangu wa tasnifu haviishii kwenye uamuzi

Mwanagenzi wa Kayole: Hamjambo nyote. Ninasomea shahada ya uzamili hapa Nairobi, na utafiti wangu unahusu matumizi ya Kiswahili miongoni mwa walimu wa shule za msingi. Kila ninapokutana na msimamizi wangu wa kwanza tunazungumza kwa kirefu, ananitajia vitabu, kisha ninaondoka nisijue kama Sura ya Tatu, ile ya mbinu za utafiti, imekubaliwa. Isitoshe, yeye anasema mahojiano ya kina na walimu wachache yanatosha, ilhali msimamizi wa pili anataka nitumie jedwali la Krejcie na Morgan la mwaka 1970 la kupanga ukubwa wa sampuli, ambalo kwa walimu 1,000 linadai sampuli ya 278. Nijiandae vipi, tena bila kuonekana ninamchongea mmoja kwa mwenzake?

Bi Mkutubi: Pole, ndugu yangu. Nionavyo, unaingia ofisini bila kumweleza Profesa unataka akuamulie nini. Siku chache kabla ya kikao mtumie ukurasa mmoja unaoeleza ulichofanya, kilichokukwamisha, na swali moja au mawili yanayodai uamuzi. Ukimwandikia "naomba maoni yako kuhusu Sura ya Tatu", utapewa maoni, basi. Afadhali uandike: "Profesa, napendekeza kuwahoji walimu 20 wa Embakasi, kwa sababu swali langu linauliza kwa nini, wala haliulizi wangapi. Je, niendelee?" Sura uiambatishe, lakini umwonyeshe kurasa za kusoma, maana mtu mwenye rundo la mitihani ya kusahihisha hatamaliza kurasa 40 usiku wa kuamkia kikao.

Mzee wa Takwimu: Ninaafikiana na Bi Mkutubi, ila suala la wasimamizi wawili ndilo zito. Jedwali hilo liliundwa kwa ajili ya kukadiria uwiano katika kundi kubwa kwa kutumia sampuli nasibu, yaani watu waliochaguliwa kwa kubahatisha. Halina kazi kwenye mahojiano ya kina, ambako mtafiti huendelea kuhoji mpaka majibu mapya yakome kujitokeza. Kwa hivyo huenda wasimamizi wako hawapingani hata kidogo, bali kila mmoja ana utafiti wake akilini. Omba kikao cha pamoja, usome swali lako la utafiti kwa sauti, kisha uwaulize linadai mbinu gani, bila kutaja nani alisema nini. Jioni hiyohiyo waandikie wote wawili barua pepe moja yenye mlichokubaliana na nani atafanya nini kufikia lini, na uwaombe wakusahihishe iwapo umeelewa vibaya. Hayo yakamilike kabla hujaomba kibali cha utafiti cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na uvumbuzi, kwa kuwa kibali huombwa kwa utafiti ulioelezwa kwenye pendekezo lako.

Mwanagenzi wa Kayole: Nawashukuru sana. Na Profesa asipojibu barua pepe?

Bi Mkutubi: Chapisha ule ukurasa, umpitie katika saa zake za kuonana na wanafunzi. Maprofesa wengi husoma karatasi iliyo mkononi upesi kuliko barua pepe.