SMS 43 usiku mmoja, siku diski imejaa hata moja haikuja!

Wakuu, niacheni nifoke kidogo.

Natunza seva ya duka la jumla la vifaa vya ujenzi hapa Mwanjelwa, Mbeya, matawi yako Tukuyu na Makambako. Mwezi wa sita bosi akaleta jamaa wa kutufungia Zabbix, programu ya kuchunga seva, eti seva ikiugua itajisemea na kujitibu yenyewe. Pesa ikatoka.

Sasa sikieni. Prosesa ikipita asilimia 80, tuma SMS. Basi! Kaandika last(), yaani inaangaliwa namba ya mwisho tu, na inapimwa kila dakika. Ikigonga 81, SMS. Ikishuka 79, SMS ya "tatizo limeisha". Saa 8 usiku bakapu inaanza, prosesa lazima ipande, ndiyo kazi yenyewe. Usiku mmoja nilihesabu SMS 43. Julai, Uyole, baridi ile mnaijua, mkono unatoka nje ya blanketi mara 43.

Hiyo ni kero tu. Uhuni wenyewe huu hapa: kaweka amri ya kujiendesha, prosesa ikizidi, kanzidata izimwe na kuwashwa upya. Katikati ya bakapu! Kila usiku bakapu inakatika, faili nusu linabaki kwenye diski, kesho yake linaongezeka jingine. Wiki tatu hatuna bakapu hata moja nzima na hakuna anayejua, maana bakapu ikifeli hakuna tahadhari.

Jumamosi asubuhi diski ikajaa. Fuso mbili zinasubiri kupakia mabati, keshia anatafuta kitabu cha risiti za mkono. Tahadhari ya diski ilikuwepo, sikatai. Ila salio la SMS liliisha Alhamisi, limeliwa lote na prosesa.

Nikampigia yule jamaa wa Zabbix. "Ongeza salio, kaka."

Jamani! min() ya dakika 5, yaani prosesa ikae juu ya 80 dakika zote 5 ndipo SMS itoke, ingemgharimu nini? Tatizo lihesabiwe limeisha ikishuka chini ya 60, muda wa bakapu uwekwe kwenye kipindi cha matengenezo ili SMS zinyamaze, ile amri ya kuwasha upya ifutwe kabisa. Kanzidata haiguswi bila mtu macho. Jana nimemaliza yote hayo chai haijapoa, na Mbeya chai inavyopoa mnajua.

Leo asubuhi kanitumia ankara ya awamu ya pili.