NIMEITWA MBELE YA KANTINI NZIMA, KUMBE NIKATOE VITI!!!

Opereta_wa_Usiku

Wasee, nimetoka shifti saa hii. Sijaoga, sijakunywa chai, ovaroli bado iko mwilini na simu ina chaji asilimia 9. Lakini lazima niandike kabla sijalala, kwa sababu nikilala nitaamka nimesamehe, na mimi leo sitaki kusamehe.

Mnamjua. Msijifanye hamumjui. Yule wa ofisi ya juu, wa viatu vyenye ncha, anayenusa hewa kwanza ndipo akusalimie. Akishuka sakafuni kwetu hutembea ameshika suruali kama mtu anayevuka mto. Nakuru hii yote inamjua, hata mama wa mahindi choma pale getini anamjua, maana hula nzima akalipa nusu.

Leo asubuhi saa moja shifti ikaisha, tukaambiwa hakuna kwenda nyumbani, kuna mkutano kantini. Kampuni imeanza mpango wa kukuza wafanyakazi. Kuna bango. Kuna maua. Soda ziko, lakini za meza ya mbele tu. Jamaa akaanza: safari ya kazi, safari ya ukuaji, safari yako na sisi hadi kustaafu. Mimi safari ninayoijua ni kutoka kiwandani hadi Kaptembwa kwa miguu tarehe 20 na kitu.

Basi akasema mashine mpya imekuja, watu wanne wanapelekwa Nairobi wiki sita kufundishwa kuseti moldi, zile kalibu za mashine. Wakirudi si maopereta tena, ni mafundi, mshahara mwingine kabisa. Moyo ukaruka. Nina miaka 14 pale. Mwaka wa kwanza nilikuwa kibarua wa kusimama getini nikingoja kuitwa jina. Mashine ya nne naijua kama ninavyojua kikohozi cha mtoto wangu. Pampu ikibadilisha sauti mimi nimeshaamka kabla taa nyekundu haijawaka.

Akasoma jina la kwanza. La pili. La tatu. Akanyamaza. Akaangalia kantini yote, akanyoosha kidole: "Wewe mzee wa mashine ya nne, kuja hapa mbele kidogo."

Nikasimama. NIKASIMAMA, wasee. Watu wakapiga makofi. Mtu akapiga mluzi. Nikafunga vifungo vya ovaroli, nikapita katikati ya meza kama bwana harusi, na kwa zile hatua kumi nilikuwa nimeshalipa karo ya muhula mzima na kumnunulia mke wangu meko. Nikafika. Nikanyoosha mkono.

Akautazama mkono kama nimemletea omena wa juzi. Akasema: "Tutolee hivi viti vya mbele, tupige picha na wale wamechaguliwa."

VITI.

Na sisi tunatengeneza nini pale? VITI. Vile viti vya plastiki vimetoka mashine ya nne, kwa mikono hii. Nimeitwa mbele nitoe viti nilivyotengeneza mimi mwenyewe ili nisiharibu picha!

Wa nne ni kijana aliyekuja mwezi wa nane akiniuliza mbona kiti kinatoka mguu mmoja mfupi. Nikamwambia plastiki haijafika mwisho wa moldi, ongeza presha pole pole, usikimbilie joto utaiunguza. Leo amepigwa picha anacheka meno yote. Mimi niko kando nimekumbatia viti sita.

Viti. Yaani viti.

Vumbi_la_Nakuru

Turudie hapo kwa mkono. Alikushika au hakukushika?

Opereta_wa_Usiku

Hakunishika. Mkono umebaki hewani mpaka nikajikuna sikio.

Mama_Githeri

Pole sana baba. Mungu anaona. Lakini viti ulivitoa?

Opereta_wa_Usiku

Nilivitoa.

Kidole_Juu

ALIVITOA hahahahaha. Wadau, kuanzia leo huyu ni Bwana Viti. Msimamizi, mbadilishie jina.

Jirani_wa_Obunga

Nakuru mnadeka. Huku Kisumu kwetu mkutano wa kukuza wafanyakazi tulisimamishwa juani saa mbili nzima, kila mtu akapewa kalamu. Haiandiki. Hicho kiti unacholilia mimi ningekibusu. Nina miaka 9 na bado ni kibarua. Kila baada ya miezi mitatu tunaachishwa siku nne, tunarudishwa kama wageni. Mwaka jana askari wa geti aliniuliza natafuta nani.

Wakili_wa_Kibanda

Hapo pana sheria. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 37: kibarua akishafanya siku za mfululizo zinazojumlika kuwa mwezi, anahesabiwa mwajiriwa wa mshahara wa mwezi, na zile siku nne za ujanja mahakama inaweza kuziangalia kwa jicho lingine. Na kuhusu mafunzo, kila mwajiri hutozwa ushuru wa NITA, ile mamlaka ya serikali ya mafunzo ya viwandani, shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kila mwezi. Akikupeleka kozi iliyoidhinishwa anaweza kudai arudishiwe gharama. Kwa hivyo mtu asikuambie...

Kidole_Juu

50 mara 12 mara 14 ni 8,400. Bwana Viti, hiyo ni viti vingapi?

Opereta_wa_Usiku

Vyenye mikono au visivyo na mikono?

Kidole_Juu

Mikono tena! Wewe na mikono hamjaachana tu!

Vumbi_la_Nakuru

Ndugu yangu, nisikilize. Kwa miaka hiyo 14 Ziwa Nakuru limepanda mpaka likawafuata watu Mwariki majumbani. Mji wenyewe ulipandishwa ukawa jiji Desemba 2021. Umebaki wewe.

Opereta_wa_Usiku

Hiyo imeuma kuliko viti.

Opereta_wa_Usiku

Nimefikiria tena. Viti vimeuma zaidi.

Spana_Kumi_na_Saba

Kaka, wacha machozi, fanya mtihani wa ufundi wa NITA. Anza daraja la tatu, uende la pili, kisha la kwanza. Mimi nilifanyia kituo chao cha Kisumu. Hao watu wa juu hawawezi kusoma sikio lako linalosikia pampu, karatasi ndiyo wanasoma.

Jirani_wa_Obunga

Mimi nina daraja la kwanza. Nafagia.

Spana_Kumi_na_Saba

Sasa si useme unafagia wapi nisipeleke maombi huko.

Mjukuu_wa_Webuye

Watoto nyinyi. Wakati wa mzee wangu Webuye, mtu aliingia kiwanda cha karatasi akibeba ndoo, akatoka na mvi akiwa fundi mkuu na watoto wote wamesoma. Ile harufu ya yai bovu mji mzima ilikuwa harufu ya mshahara. 2009 kikafungwa. Hewa ikasafika, mifuko nayo ikasafika.

Mama_Githeri

Ile harufu naikumbuka! Tukipita na basi tukienda Bungoma watoto walikuwa wanalaumiana.

Mjukuu_wa_Webuye

Mama, usitukane utoto wangu.

Mfanyakazi_Mwema *(amejiunga leo)*

Habari wadau. Nadhani ni vyema pia kuangalia upande wa usimamizi. Si kila mtu anaweza kuchaguliwa mara moja. Mafunzo yana awamu, na safari ya kila mmoja ni tofauti. Tusichafue majina ya watu.

Kidole_Juu

SAFARI! Wasee, viatu vya ncha vimeingia ndani ya uzi!

Vumbi_la_Nakuru

Hakuna jina lililotajwa humu. Unalinda jina gani?

Mfanyakazi_Mwema *(amejiunga leo)*

Mimi ni mtu wa kawaida tu. Na kusema kweli vile viti vya mbele vilikuwa vinaziba bango.

Opereta_wa_Usiku

NILISEMA MNAMJUA.

Kidole_Juu

Bosi, mkono ulikuwa na shida gani?

Mama_Githeri

Na ulipe mahindi ya watu.

Vumbi_la_Nakuru

Amefuta akaunti. Dakika sita tu. Hiyo nayo ilikuwa safari.

Jirani_wa_Obunga

Tukiendelea na yangu. Ile kalamu haiandiki ina jina la kampuni pande zote mbili. Nani anajua kama naweza kuitumia kortini?

Wakili_wa_Kibanda

Kaa na hati zako za malipo na ujumbe wa M-Pesa, achana na kalamu.

Shifti_B

Mnaongea mafunzo, sisi kantini yetu githeri ni mahindi 40 na haragwe moja. Nilihesabu. Tukiuliza tunaambiwa ni lishe bora.

Mama_Githeri

Haragwe moja ni dhambi. Githeri nzuri unaweka kiasi sawa, unachemsha mahindi kwanza, halafu viazi na waru

Spana_Kumi_na_Saba

Mama, viazi na waru ni kitu kimoja.

Mama_Githeri

Kwako. Samahani nikitoka nje ya mada, Jumamosi tuna wageni wa posa kule Free Area, natafuta viti 100 vya kukodi. Nani yuko navyo?

Shifti_B

Lanet kuna kijana wa shilingi 10 kila kiti.

Spana_Kumi_na_Saba

Vya huyo vinavunjika. Mjomba wangu alianguka navyo katikati ya maombi.

Opereta_wa_Usiku

Mama, vikivunjika mguu wa nyuma hivyo ni vya mashine ya pili, hapo kwenye kona plastiki huwa nyembamba. Ukifika, pindua kiti uangalie chini ya kikalio. Kukiwa na alama ya duara yenye nukta, chukua. Hata mtu wa kilo 120 akae, hakitasonga.

Mama_Githeri

Asante baba. Na hema?