Natafuta nyumba ya kupanga Mbezi Beach au Tegeta, mama hawezi ngazi

Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu. Nahamia Dar kutoka Iringa mwezi ujao, kazi iko Mwenge. Nakuja na mama, magoti yanamsumbua sana, ngazi hapandi. Nataka vyumba viwili, sebule na choo cha ndani, chini kabisa, kodi isizidi laki tatu na nusu. Dalali amenitumia picha za nyumba Mbezi Beach, upande wa baharini: vigae vinang'aa, geti, upepo wa bure. Anataka kodi ya miezi sita na ya mwezi mmoja zaidi kama malipo yake, nitume leo kabla hajaichukua mwingine. Sitaki kumhamisha mama mara mbili. Niulize nini?

Mkazi wa Tegeta
Usitume hata senti, mdogo wangu. Mwezi wa dalali ni desturi ya mji, lakini analipwa ukishasaini mkataba na mwenye nyumba. Pitia kwanza serikali ya mtaa ujue nyumba ni ya nani. Halafu hiyo ya chini upande wa bahari, itazame kuta. Rangi ikiwa imebabuka kufikia magotini, au soketi zimepandishwa juu isivyo kawaida, maji yameshaingia humo. Waulize majirani masika yanafika wapi, tena uliza wanawake wenye genge la mboga hapo nje, hao wanaona kila kitu.

Mama Mpangaji
Fungua bomba uonje. Visima vingi huko ni chumvi. Chai haifai na sabuni haitoi povu. Kama kuna maji ya DAWASA, yale ya bomba la mamlaka ya maji, uliza yanatoka siku zipi na simtanki ni la nani. Mita ya LUKU, ya umeme wa kulipia kabla, iwe yako peke yako. Tangu 2021 kodi ya jengo inakatwa humo humo kwenye umeme, na hilo ni deni la mwenye nyumba, basi liandikwe kwenye mkataba kwamba atakurudishia.

Muulizaji
Mungu awabariki. Binamu yangu yuko Goba, nitamtuma. Vipi Salasala?

Mkazi wa Tegeta
Kuna mwinuko, ni afadhali kwa mafuriko. Ila ndani barabara za vumbi, mvua ikinyesha bajaji zinagoma, na mama atahitaji kliniki. Tafuta karibu na lami. Binamu aende siku ya kazi, apandie daladala Mwenge saa kumi na moja jioni, aone safari yako ya kurudi kutoka kazini itakavyokuwa.