Naombeni ushauri: kufungasha paipulaini ya MUSE iwe pakeji ya deb

Wakuu habari zenu, naombeni msaada maana hapa nimekwama kweli. Nataka kufungasha paipulaini (mlolongo wa programu) ya kuchakata data za MUSE, kile chombo chenye spektrografu 24 (vifaa vya kutawanya mwanga wa nyota) kwenye VLT, zile darubini kubwa za anga kule Paranal, Chile, iwe pakeji ya deb (faili la kuinstoo programu kwenye Linux kama Debian na Ubuntu) ili wenzangu maabara wainstoo kwa amri moja tu badala ya kila mtu kukompaili mwenyewe wiki nzima. Yenyewe inategemea CPL (maktaba ya kodi za kuchakata data za darubini), na CPL nayo inataka maktaba nyingine, CFITSIO (ya kusoma faili za FITS, yaani faili za picha na data za anga), WCSLIB na FFTW, sasa shida ndo hiyo CFITSIO, inabidi iwe imekompailiwa na reentrant (yaani iweze kutumiwa na thredi nyingi bila kuvurugana) la sivyo thredi nyingi, kazi zinazokwenda sambamba ndani ya programu, zikisoma faili za FITS kwa pamoja ni balaa. Niliweka kopi yangu ndani ya pakeji, ikagongana na ile ya sistimu, EsoRex (programu ya kuendeshea paipulaini) ikawa haizioni hata resipe (hatua za uchakataji) za MUSE, nikabaki namwangalia skrini kama mjinga.

Alafu faili za kalibresheni (za kusahihishia vipimo vya chombo) ni mizigo, nizitenge pakeji yake au? Kuna jamaa kanambia niachane na deb nitumie Conda (kisimamizi kingine cha pakeji) au kontena (programu iliyofungwa pamoja na vyote inavyohitaji), ila seva yetu RAM yenyewe ya kuungaunga. Aliyewahi kupita njia hii anisaidie jamani.